Vanguard ni Weatherby au ni Howa?

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi amenunua bunduki ya kuwindia ya mtumba, Weatherby Vanguard, kaliba (ukubwa wa risasi) .308. Weatherby ni kampuni ya Marekani. Wakati wa mapumziko akanionyesha picha kwenye simu, ameikuza mpaka maandishi madogo yakasomeka: imetengenezwa Japani. Akaniuliza, "Kaka, nimeuziwa feki?" Nikamwambia hapana, umeuziwa Vanguard. Jina hilo lilipoingia sokoni mwaka 1970 lilitoka Japani, kwa kampuni ya Howa, na mpaka leo linatoka huko huko.

Hakuridhika. Akataka kujua, kama ni hivyo, Weatherby wenyewe wamefanya nini humo ndani mpaka wachore jina lao. Nilimjibu juu juu kwa sababu kengele ya kurudi kazini ilikuwa imelia. Jibu refu ni hili.

Kwanza mjue ninaongea kutoka upande gani. Mimi nakereza vyuma. Bunduki sizitengenezi, natengeneza shafti za pampu, bushi na viti vya valvu. Karakana yetu haijulikani na mtu yeyote nje ya ofisi za manunuzi. Kipande kinatoka kwenye mashine yangu, kinapimwa, kinafungwa kwenye karatasi yenye mafuta, halafu kinakwenda kwa kampuni kubwa inayokipiga muhuri wake. Kesho yake nakereza kipande kinachofanana nacho, mchoro umebadilika kidogo tu, na hicho kinakwenda kwa mshindani wake. Kwa hiyo mtu akisema "hii si ya kweli, wameagiza kwingine", nasikia natukanwa mimi.

Turudi kwa Howa. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1907 ikitengeneza mitambo ya kufumia nguo, na jina la Toyoda lilikuwa mlangoni. Bunduki zilikuja baadaye, na baada ya vita kuu ya pili iliendelea kulitengenezea jeshi la ulinzi la Japani silaha. Bunduki yake ya kuwindia, Howa 1500, ina risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na boliti) yenye tako bapa, na bamba la kuzuia mrudisho limechongwa humo humo kwenye risiva, si kipande cha kubanwa katikati. Boliti yake, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ni chuma kimoja, na ina matundu matatu ya kutolea gesi endapo ganda la risasi litapasuka. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye hakuwa akibana senti kwenye kila kona. Mwili huo huo ndio Vanguard. Kwa miaka kadhaa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mwili huo huo uliuzwa pia kama Smith & Wesson Model 1500, kisha Mossberg wakaichukua wakaiuza kwa jina lao. Majina manne, kiwanda kimoja.

Sasa Weatherby wanaongeza nini? Wanachagua kitako, wanaandika masharti ya umaliziaji, wanaagiza bunduki katika kaliba zao wenyewe kama .257 Weatherby Magnum na .300 Weatherby Magnum, boliti yao ina mifereji ubavuni, na wanasimama nyuma ya ahadi: risasi tatu ndani ya inchi 0.99 kwenye yadi 100, ukitumia risasi nzuri za kiwandani. Ahadi hiyo ndiyo unayoilipia. Howa nao huahidi usahihi wa aina hiyo kwa 1500 yao, na kwa kawaida bei yake iko chini ya Vanguard. Ukiniuliza ninunue ipi, nitakuuliza kwanza unapenda kitako kipi, kisha kama unahitaji kaliba ya Weatherby. Kama huihitaji, chukua Howa na usimwombe mtu radhi.

Na anayedhani Vanguard ni mtoto wa kambo huku Mark V, bunduki kuu ya Weatherby, ikiwa ndiyo damu halisi ya familia, aangalie Mark V imezunguka wapi. Roy Weatherby alifungua biashara yake South Gate, California, mwaka 1945. Bunduki yake kuu ilipozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, haikuchukua muda kazi ikapelekwa Ujerumani Magharibi kwa J.P. Sauer. Baadaye ikahamia Japani, kwa Howa huyo huyo. Ni miaka ya 1990 tu ndipo ilirudishwa Marekani. Wanaotafuta Mark V za zamani huzigawa kwa nchi, na za Kijerumani ndizo zinazogombewa. Hakuna anayeziita feki.

Hapo ndipo ninapoona watu tunajichanganya. Kipande kilichoagizwa kwingine kikiwa kwenye bunduki ya bei ya chini iliyotoka mwaka huu, ni aibu. Kikiwa kwenye bunduki ya babu, ni historia na kina bei.

Chukua M1 Carbine, bunduki nyepesi ya jeshi la Marekani ya vita kuu ya pili. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, na wakandarasi wake ukiwasoma utadhani ni orodha ya maduka ya vifaa vya ofisi: IBM, Underwood waliokuwa wakitengeneza taipureta, National Postal Meter wa mashine za stempu, Rock-Ola wa masanduku ya muziki ya baa. Quality Hardware ya Chicago ilichonga risiva, na karibu kila kitu kingine iliagiza kwa wengine. Kila kipande kidogo kilipigwa herufi za aliyekitengeneza, na kipande cha huyu kilipaswa kuingia kwenye bunduki ya yule bila kupigwa msasa. Leo mkusanyaji anatoa pesa zaidi kwa Rock-Ola kuliko kwa Inland, waliotengeneza nyingi kuliko wote, kwa sababu tu Rock-Ola ni chache. Wengine hukesha wakitafuta springi yenye herufi sahihi ili bunduki iwe "halisi" tena. Uhalisi wenyewe ni wa kuunganisha vipande vya wakandarasi!

M16A1 nayo? Mwaka 1968 jeshi la Marekani halikutaka kutegemea Colt peke yao, likatoa mikataba kwa Harrington & Richardson na kwa Hydra-Matic, idara ya General Motors iliyokuwa ikitengeneza giaboksi za magari. Askari aliyepewa ya Hydra-Matic hakuuliza kama ni ya kweli.

Hata bunduki za duka la bei poa zilikuwa hivyo. Sears, wale wa katalogi, waliuza bunduki kwa jina la J.C. Higgins. Sears hawakuwa na kiwanda cha bunduki. Model 50 yao ilikuwa na mwili wa Mauser kutoka FN ya Ubelgiji na mtutu wa High Standard uliopakwa kromu ndani. Mwenye duka alikuwa mnunuzi mwenye jicho, basi. Aliyeinunua wakati ule aliinunua kwa sababu pesa ya kununua Winchester hakuwa nayo. Mimi leo nikiikuta mahali, siiachi.

Sasa geuza shilingi upande wa pili, maana kuna kisa kinachoumiza zaidi, na hakihusu kuagiza vipande nje hata kidogo. Ni Marlin.

Marlin ilianza mwaka 1870 New Haven, Connecticut, na kwa miaka mingi mitutu yake ilipigwa herufi JM, za John Mahlon Marlin. Mwishoni mwa 2007 Remington walitangaza kuinunua. Kiwanda cha North Haven kikafungwa mwaka 2011 na kazi ikahamishiwa Ilion, New York, kwenye kiwanda cha Remington wenyewe. Tazama vizuri: mwenye jina ndiye mwenye kiwanda, ndiye mwenye mashine, na kila kitu kinafanyika Marekani. Kwa vigezo vya wapenda "halisi", hapo hakuna cha kulalamikia. Lakini bunduki zilizotoka miaka ile ya mwanzo zilikuwa na vitako visivyokaa sawa na chuma, vilengeo vilivyoinama upande, na wenzo (mpini wa chini unaovutwa kupakia risasi) mgumu kama kisagio. Wawindaji wakazipachika jina la kejeli, Remlin.

Kilichotokea kinasimuliwa na watu wengi kwa namna moja. Mashine zilikuwa kuukuu, michoro haikulingana na kilichokuwa kikifanyika karakanani, na waliojua tofauti kati ya mchoro na kazi ni wale mafundi wa North Haven ambao hawakuhamishwa. Hili mimi silihitaji kuthibitishiwa na mtu. Kila karakana ina mchoro unaosema hivi na mzee anayejua kwamba ukifanya hivyo kipande hakitaingia, kwa hiyo yeye huondoa kidogo pale na kuacha kidogo hapa, na hajawahi kuandika popote. Mfukuze yule mzee, mchoro wako ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Remington walipofilisika mwaka 2020, Ruger waliinunua Marlin kwa takriban dola milioni 30. Hawakukimbilia kuuza. Ya kwanza, 1895 SBL, ilitoka Mayodan, North Carolina, mwishoni mwa 2021, ikiwa imechorwa upya na kutengenezewa mashine za kisasa. Kwa hiyo ukiokota Marlin ya mtumba, usisome jina tu. Namba ikianza na MR, ni ya enzi za Remington. Ikianza na RM, ni ya Ruger. Mtutu ukiwa na muhuri wa JM, ni ya Connecticut. Jina ni moja, bunduki ni tatu. Haki kwa Remington pia: za miaka yao ya mwisho zilikuwa zimeboreka sana, kwa hiyo MR peke yake si sababu ya kuikimbia. Ishike, ifungue, uione.

Kwenye AR-15, ndugu wa kiraia wa M16, za bei ya chini mambo yanachekesha zaidi. Hataza za Colt ziliisha mwaka 1977, na tangu hapo yeyote mwenye leseni na mtaji anaweza kuitengeneza. Sheria ya Marekani inahesabu risiva ya chini kuwa ndiyo bunduki yenyewe. Hapo ndipo namba hupigwa, na hapo ndipo jina la kampuni hukaa. Lakini risiva ya chini ni nini? Ni aluminiamu iliyofuliwa, inayoshika triga, magazini na kitako. Shinikizo la risasi inapolipuka halifiki huko, linabebwa na boliti, chemba na kipande cha nyuma ya mtutu ambacho boliti hujifunga nacho. Yaani jina unaloligombea limeandikwa kwenye kipande kinachofanya kazi nyepesi kuliko vyote.

Na kufua aluminiamu hiyo ni kazi ya viwanda vichache sana. Ukiangalia kwa makini ubavuni utaona alama ndogo ya mfuaji. Inayofanana na tundu la ufunguo ni ya Cerro Forge, na utaikuta kwenye bunduki za bei tofauti kabisa. Vyuma ni ndugu wa tumbo moja. Kinachofuata, yaani kuchonga, kupaka rangi ya oksidi na kukagua, ndicho kinachowatofautisha, na wakati mwingine hata hicho kimefanywa na karakana moja kwa niaba ya majina kadhaa.

Kwa hiyo mimi naangalia boliti. Kanuni ya kijeshi inataka chuma kinachoitwa Carpenter 158. Wengi wa bei ya chini hutumia chuma cha aina nyingine, 9310, nacho si kibaya kikipitishwa kwenye moto ipasavyo. Herufi MP zikipigwa juu yake maana yake boliti imekaguliwa kwa chembe za sumaku ili kuona kama ina ufa. Swali la kuuliza ni kama wanakagua kila moja au wanachota sampuli. Kisha naangalia kile kijibomba cha gesi kilichokaa juu ya kibebeo cha boliti, kimeshikwa na skrubu mbili. Je, chuma kimegongwa vizuri kando ya vichwa vya skrubu ili zisilegee? Kazi hiyo ni ya dakika moja. Aliyeiruka ameruka na mengine ambayo huyaoni, na hawezi kumsingizia mkandarasi wa mbali kwa kitu ambacho kila mwunganishaji angekiona akiinama tu.

Kuna wauzaji wa bei ya chini ambao wameacha kuficha. Palmetto State Armory, kwa mfano, huuza bunduki zenye mitutu ya FN na kulitaja jina la FN kwenye tangazo. Kwangu huo ni uungwana. Mnunuzi anajua anacholipia, na FN nao jina lao liko hatarini. Kampuni mama ya hao hao ilinunua majina kadhaa kwenye mnada wa kufilisika wa Remington, likiwemo H&R, yaani Harrington & Richardson niliowataja juu. Sasa jina hilo liko kwenye nakala za M16A1 za zamani. Kampuni asili ilifunga milango mwaka 1986. Je, hiyo ni H&R? Kisheria ndiyo. Kwa damu hapana. Kama imefuata umbo la zamani kwa uaminifu, sioni tatizo, mradi muuzaji asinisimulie habari za Vietnam kana kwamba alikuwepo.

Springfield Armory nao ni hivyo hivyo: karakana ya serikali iliyoko Massachusetts ilifungwa mwaka 1968, na kampuni ya Illinois inayotumia jina hilo ilianza 1974. Na Winchester? Jina ni mali ya Olin, watengeneza risasi, ambao huwakodisha wengine. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Model 70 siku hizi inaunganishwa Ureno. Bunduki za wenzo kama 1873 zinatoka kwa Miroku wa Japani, na nimezishika. Umaliziaji wake ni wa kukufanya unyamaze.

Ninachokikataa mimi ni kitu kingine kabisa: kubadilisha bila kusema. Modeli inaingia sokoni na sehemu nzuri, waandishi wanaijaribu, inasifiwa. Mwaka wa tatu meneja wa manunuzi anapata mtu wa bei nafuu zaidi. Kishikio cha ganda kilichokuwa cha chuma kilichochongwa sasa ni cha unga wa chuma uliosindikwa kwenye kalibu na kuokwa, mtutu umetoka kwa mwingine, na jina la modeli limebaki lile lile, hata namba ya katalogi haijaguswa. Sifa unazosoma ni za bunduki ambayo haiuzwi tena. Kwenye pampu mambo haya hayaruhusiwi. Nikibadilisha hata muuzaji wa chuma ghafi, mteja anatakiwa kusaini kwanza, na mchoro unapata herufi mpya pembeni. Sijui kwa nini mtu anayenunua kitu kinacholipuka sentimita chache kutoka shavuni asipewe heshima hiyo.

Unga wa chuma wenyewe siulaumu, mniwie radhi wazee. Ukifanywa vizuri unatoa kipande kizuri. Kusubu pia si dhambi. Ruger wamejijengea jina kwa kusubu, kiwanda chao cha Pine Tree huko Newport, New Hampshire, kinasubu vipande vya kampuni nyingine pia, na miaka ya 1990 Ruger walisubu hata vichwa vya titani vya fimbo za gofu za Callaway. Wachezaji gofu walizipiga wakifurahi bila kujua ni kazi ya watu wa bunduki.

Yule kijana nilimwambia aipeleke Vanguard yake kwa fundi ipimwe chemba kwa geji, maana ni ya mtumba na hajui imepita mikononi mwa nani. Akirudi na majibu mazuri, abaki nayo. Kitu pekee kwenye bunduki ile ambacho ningekitupa ni darubini iliyokuja nayo pamoja na pete zake. Bunduki za bei ya chini zinazouzwa kama seti huwa zimekatwa gharama hapo kabla ya mahali pengine popote, na watu hulaumu mtutu kwa dhambi za skrubu za pete. Anunue darubini ya maana, akaze skrubu kwa bisibisi yenye kipimo, halafu ndipo apige zile risasi tatu za yadi 100.